Mkitaka isiitwe utawala wa mabavu, toeni fomu za DR: barua ya wazi kwa Tume ya Uchaguzi, Mwanasheria Mkuu na Bunge

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi,
Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Kwa Mheshimiwa Spika na wabunge wote wa Bunge la Jamhuri ya Uganda.

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Tunawaandikia kuhusu jina linalowakera. Kila mara mpinzani, mwandishi wa habari au kijana wa boda boda anaposema kwamba Uganda iko chini ya utawala wa mabavu, jibu la serikali ni lile lile: tumechaguliwa, takwimu zipo. Sisi tuliotia saini barua hii tunafanya kazi za uchaguzi. Wapo kati yetu mawakala wa wagombea wa vyama mbalimbali, waliowahi kusimamia vituo, na wanasheria wa kesi za uchaguzi. Tunaona mabishano haya yanaweza kumalizika, na kinachoweza kuyamaliza ni karatasi ambayo Tume yenyewe huichapisha na kuisambaza nchi nzima: fomu ya kutangaza matokeo ya kituo, ile ambayo vituoni kila mtu anaiita DR.

Tuseme msimamo wetu mapema ili tusipotezeane muda. Serikali iliyopigiwa kura inaweza kuitwa utawala wa mabavu, na aliyeiita hivyo akawa hajaionea, kama aliyeshindwa hana njia ya kuikagua hesabu iliyomshinda, au kama mahakama inatoa uamuzi na dola inauzunguka. Haistahili kuitwa hivyo kwa sababu tu imekaa sana madarakani, wala kwa sababu hatuipendi. Kipimo hiki kinawabana ninyi, na kinawabana wapinzani pia, kama tutakavyoonyesha.

Hoja kwamba kupigiwa kura kunatosha kufunga mjadala haikukubaliwa hata na waasisi wa serikali hii. Desemba 10 na 11, 1980, Waganda walipiga kura. Wakati matokeo yanaanza kusikika, Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyokuwa ikitawala, alitoa amri iliyompa yeye peke yake mamlaka ya kutangaza washindi. Baadaye Tume ya Uchaguzi ikaendelea kutangaza, chama cha UPC kikapewa viti vingi, Milton Obote akarudi Ikulu. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola walikuwepo na ripoti yao haikuukataa uchaguzi ule. Kwa karatasi, basi, ile ilikuwa serikali iliyochaguliwa. Yoweri Museveni, ambaye mwenyewe alishindwa ubunge wa Mbarara Kaskazini na Sam Kutesa wa chama cha DP, alikataa kuitambua, na Februari 6, 1981 kundi lake likashambulia kambi ya Kabamba. Siku hiyo ndiyo jeshi letu linaiadhimisha kila mwaka kwa jina la Kiswahili, Tarehe Sita. Hatutaki mtu yeyote ashike bunduki tena katika nchi hii. Tunachosema ni kwamba dola inayosherehekea Tarehe Sita haiwezi kumshangaa raia anayeuliza kama kura iliyohesabiwa gizani inatosha kumpa mtu uhalali.

Na tatizo la 1980 lilikuwa nini hasa? Si upigaji kura. Watu walipanga foleni ndefu na kura zao zikaingia masandukuni. Tatizo lilianza baada ya sanduku kufunguliwa, katika safari ya namba kutoka kituoni hadi kwa anayetangaza. Katiba ya 1995 iliandikwa na watu waliolikumbuka jambo hilo. Ibara ya 68 inamtaka msimamizi wa kituo na wagombea au mawakala wao watie saini tamko linalotaja kituo na kura za kila mgombea, wabaki na nakala, kisha msimamizi atangaze matokeo papo hapo kabla ya kuyapeleka mbele. Sheria ya Uchaguzi wa Rais inaeleza nakala ziende wapi. Moja inaambatishwa kwenye kitabu cha ripoti. Moja inabaki kwa msimamizi ili ibandikwe kituoni. Moja inatiwa kwenye bahasha, inafungwa kwa lakiri na kupelekwa kituo cha kukusanyia matokeo. Moja anapewa kila wakala. Moja inafungiwa ndani ya sanduku la kura. Anayetaka kugeuza matokeo ya kituo kimoja analazimika kuzikamata zote hizo kwa pamoja.

Turuhusuni tukae kidogo kwenye hesabu ya fomu hii, maana ndipo penye kiini cha barua yetu.

Chukua kituo cha mfano chenye wapiga kura 587 daftarini. Msimamizi amepokea karatasi za kura 600. Saa kumi jioni foleni inafungwa, waliokuwa tayari kwenye mstari wanamaliza, kisha hesabu inaanza. Karatasi 412 zimo sandukuni, 3 ziliharibiwa na wapiga kura waliopewa nyingine, 185 hazikutumika. Jumla 600. Katika zile 412, kura batili ni 13, halali ni 399. Tuseme mgombea wa kwanza ana 290, wa pili ana 61, waliobaki wote kwa pamoja wana 48. Jumla inarudi 399. Hesabu imejifunga kote: karatasi zilizopokelewa, karatasi zilizotumika, kura za wagombea.

Sasa tazameni jinsi inavyoibiwa. Mwizi mchanga anaigeuza 61 kuwa 361. Kura halali zinaruka hadi 699, zaidi ya daftari lote, na hata mwanafunzi wa shule ya msingi ataligundua hilo. Mwizi mzoefu haongezi chochote. Anamnyang'anya wa kwanza kura 150 na kumpa wa pili. Wa kwanza anabaki na 140, wa pili anakuwa na 211, na jumla bado ni 399. Karatasi 412 ziko pale pale, batili 13 ziko pale pale, idadi ya waliojitokeza haijabadilika hata kwa mtu mmoja. Hakuna kompyuta duniani itakayoliona kosa hilo kwa kuangalia jedwali. Linaonekana kwa njia moja tu: kuiweka fomu iliyosainiwa kituoni kando ya namba iliyotangazwa na kuzilinganisha.

Kwa hiyo mnapotuambia kwamba matokeo yamewekwa hadharani, na tukakuta ni majedwali yaliyochapwa ofisini, hamjatujibu. Jedwali linatueleza kile ambacho ofisi inasema. Tunachohitaji ni picha ya fomu yenyewe, yenye mwandiko wa msimamizi, namba kwa tarakimu na kwa maneno, na saini za mawakala.

Kazi hiyo ni ndogo kuliko mnavyoifanya ionekane. Uchaguzi wa 2021 ulikuwa na vituo 34,684. Picha ya fomu moja inayosomeka vizuri haizidi kilobaiti 300. Zidisheni: fomu zote za urais za nchi nzima ni gigabaiti kama 10 na nusu, na zinaingia kwenye flashi ya gigabaiti 16 inayouzwa kwenye vibanda vya simu pale Kampala Road. Jirani zetu Wakenya wameshalifanya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu yao ilifuta uchaguzi wa rais, na moja ya sababu ni kwamba tume yao ilikataa kufungua seva zake kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 tume hiyo hiyo iliweka mtandaoni picha za fomu 34A, yaani fomu zao za matokeo ya kituo, kutoka karibu vituo vyote 46,229 kabla ya mshindi kutangazwa Agosti 15. Vyombo vya habari, vyama, hata mtu aliyekaa Malaba na simu yake, kila mmoja aliweza kujumlisha mwenyewe. Aliyeshindwa alikwenda mahakamani, majaji wakaikataa kesi yake kwa kauli moja, na nchi ikasonga mbele. Serikali iliyotoka hapo imelaumiwa kwa mengi, lakini hoja ya hesabu za vituo ilipata mahali pa kujibiwa.

Fomu ya DR ina maradhi yake, nasi tunayajua kwa karibu. Ugonjwa mbaya kuliko yote ni saini za mapema: mchana, foleni ikiwa bado ndefu, msimamizi anawaambia mawakala watie saini fomu tupu ili jioni kazi iende haraka. Wakala ambaye hajala tangu alfajiri anakubali. Kuanzia hapo saini yake haina maana tena, na akija kulalamika mahakamani anaulizwa swali moja tu: hii ni saini yako au si yako? Ugonjwa wa pili ni nakala zinazofifia. Fomu zinaandikwa kwa kaboni, msimamizi asipoikandamiza kalamu sawasawa, nakala za chini, ambazo ndizo huishia kwa mawakala, zinatoka kama kivuli; 3 inasomeka 8, na 1 inasomeka 7. Wa tatu ni giza. Vituo vyetu vingi viko chini ya miti na kwenye baraza za shule, na kura za rais, za mbunge wa jimbo na za mbunge mwanamke wa wilaya zinahesabiwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo hesabu inavuka saa moja usiku. Taa ya chaji ikizima kabla ya fomu kujazwa, kinachoandikwa ni kumbukumbu. Na nakala ya kubandikwa kituoni mara nyingi haibandikwi kabisa, ama inabanduliwa kabla ya mapambazuko.

Dawa zake zinajulikana na ni za bei nafuu. Fomu zikae ndani ya bahasha iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya watu baada ya kura ya mwisho kuhesabiwa. Kila kituo kipewe taa mbili zilizojaribiwa. Wakala aruhusiwe kwa maandishi kuipiga picha fomu iliyosainiwa, na mwongozo wa Tume useme hivyo wazi ili askari wa kituo asije akamnyang'anya simu kwa kisingizio cha amri kutoka juu. Marekebisho yoyote kwenye fomu yakatwe kwa mstari mmoja, namba sahihi iandikwe pembeni, wote watie saini hapo. Kule Malawi majaji waliufuta uchaguzi wa 2019, na moja ya mambo waliyoyakuta ni karatasi za matokeo zilizopakwa rangi nyeupe ya kufutia.

Kuhusu mashine za kuhakiki alama za vidole, zilizoanza kutumika 2016, tuna ombi moja. Mkulima wa Kasese au fundi ujenzi wa Nateete ana vidole vilivyosuguka. Mashine humkataa, na msimamizi hulazimika kurudi kwenye daftari la karatasi. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni kwa nini idadi ya watu waliothibitishwa na mashine haiandikwi kwenye DR kando ya idadi ya walioruhusiwa kwa daftari. Mkiongeza mistari hiyo miwili, kituo ambacho mashine iliona watu 300 na sanduku likatoa kura 560 kitajitangaza chenyewe. Mahakama ya Juu ilishashauri itungwe sheria ya kusimamia teknolojia katika uchaguzi, na ushauri huo una umri mrefu sasa.

Hapo tunakugeukia wewe, Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu. Mahakama ya Juu imeshaamua kesi tatu za urais hadi mwisho. Mwaka 2001 majaji watatu dhidi ya wawili waliuacha uchaguzi usimame. Mwaka 2006 majaji wote saba walikubaliana kwamba sheria haikufuatwa, kisha wakagawanyika wanne kwa watatu kama kasoro zile ziliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2016 waliikataa kesi kwa kauli moja, wakataja kasoro, na wakatoa mapendekezo kumi: muda wa kesi uongezwe, misaada ya wagombea wakati wa kampeni izuiwe, watumishi wa umma wasipige kampeni, vyombo vya habari vya serikali vinavyopendelea viwekewe adhabu, sheria za uchaguzi zitungwe mapema ndani ya miaka miwili tangu Bunge jipya lianze, na mengineyo. Ofisi yako ndiyo iliyoagizwa kufuatilia na kutoa taarifa ndani ya miaka miwili. Bunge liliongeza siku za kufungua kesi kutoka 10 hadi 15 na za kuamua kutoka 30 hadi 45. Mahakama ilikuwa imependekeza zisipungue 60.

Siku hizo 15 zina maana gani kwa mtu anayedai ameibiwa? Januari 2021 matokeo yalitangazwa tarehe 16. Mgombea aliyeshika nafasi ya pili alikuwa amezingirwa na askari nyumbani kwake Magere, na walikaa pale hadi tarehe 26, siku moja baada ya Mahakama Kuu kusema kizuizi hicho hakina msingi wa kisheria. Askari walitii, tunalisema hilo. Lakini siku 10 kati ya 15 zilikuwa zimekwenda, na fomu zilikuwa zimetawanyika kwa mawakala wa nchi nzima, kutoka Kisoro hadi Koboko. Juu ya hapo intaneti ilikuwa imezimwa tangu jioni ya Januari 13 hadi tarehe 18. Mnasema huzimwa kwa ajili ya usalama. Sisi tunaeleza inachofanya kituoni: wakala amepata nakala yake ya DR, anataka kutuma picha makao makuu ya chama, hawezi. Mwaka 2016 hata pesa za simu zilizuiwa, na nauli ya wakala wa kijijini hutumwa kwa njia hiyo. Kwa siku zile njia pekee ya namba kusafiri ni ile ya Tume. Sheria ilitawanya nakala makusudi, na kitufe kimoja kikazirudisha zote mkono mmoja. Mtu akiiita hali hiyo mabavu, mtamjibu kwa hoja gani?

Mwaka 2016 mshindi alitangazwa Februari 20 wakati vituo 26,223 kati ya 28,010 ndivyo vilivyokuwa vimeingizwa. Katiba inataka matokeo ndani ya saa 48, na Tume ililazimika kuifuata. Lakini vituo 1,787 vilikuwa nje ya hesabu, na katika Kampala na Wakiso wapiga kura wengi walisubiri vifaa kwa masaa. Gari la vifaa likichelewa Nsangi, ni kwa sababu njia za usambazaji hazikupangwa na kujaribiwa. Jambo hilo linarekebishika kwa zoezi la siku moja mwezi mmoja kabla ya uchaguzi.

Kuhusu kutii mahakama, mfano wa karibuni ni mgumu kuutetea. Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Kabla ya Juni kuisha, Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya Sheria ya UPDF, yaani sheria ya jeshi, na Rais ameyasaini, na raia wakafunguliwa tena mlango ule ule. Waheshimiwa wabunge, baadhi yenu mlisema mmefuata ushauri wa majaji kwa kutunga sheria mpya. Majaji walieleza kwamba mahakama zile hazina uhuru wala sifa za kumhukumu raia kwa haki. Kuibadilisha sheria bila kuondoa kasoro hiyo ni kuwarudishia majaji hukumu yao mkononi.

Kuhusu jina lenyewe, sheria imeshanyooka na tunashangaa polisi bado wanalikamatia watu. Februari 11, 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo, na ikaeleza kwamba kauli haipotezi ulinzi wa Katiba kwa kuwa tu haiwapendezi wakubwa au inaonekana si kweli. Agosti 25, 2010 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la uchochezi. Januari 10, 2023 ikafuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Kuiita serikali jina baya ni maoni. Mwanasheria Mkuu atoe mwongozo kwa polisi, ukurasa mmoja unatosha, unaotaja hukumu hizi tatu kwa tarehe zake, na ubandikwe kila kituo cha polisi.

Lipo eneo moja ambalo halizungumzwi sana, ingawa ndilo raia wa kawaida anakutana nalo kila wiki: LC1, yaani baraza la kijiji. Mwenyekiti wa LC1 ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho ukitaka kitambulisho cha taifa, anashuhudia ukinunua kiwanja, anakuandikia barua ukienda kumdhamini ndugu polisi. Baraza hizo zilichaguliwa 2001. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliona kwamba, kwa kuwa zilichaguliwa chini ya mfumo wa Movement usio na vyama, hazikuwa halali tena baada ya nchi kuingia vyama vingi. Uchaguzi mpya ulifanyika Julai 10, 2018, wapiga kura wakijipanga nyuma ya wagombea. Kwa miaka 11 kijiji kizima kilipeleka barua zake kwa mtu ambaye mahakama ilisema hana mamlaka, na mihuri ikaendelea kugongwa kwa malipo. Wenye kesi za ardhi za kienyeji zilizoamuliwa na LC2, baraza la ngazi inayofuata juu ya kijiji, katika kipindi hicho wamejikuta hukumu zao zikipingwa kwa hoja hiyo hiyo. Waliochaguliwa 2018 muhula wao wa miaka mitano uliisha Julai 2023. Waziri akaongeza siku 180, kisha akaongeza tena. Sababu iliyotolewa ni fedha. Lakini uchaguzi wa kupanga mstari hauna karatasi za kura wala masanduku; una karani, daftari la kijiji na mti wa kusimama chini yake. Katika vijiji zaidi ya 60,000 ngazi ya serikali iliyo karibu zaidi na mwananchi ikiendeshwa kwa barua ya waziri, hoja ya "tumechaguliwa" inapungua uzito hata kabla ya kufika Ikulu.

Tuliahidi kwamba kipimo kitawabana wapinzani pia. Januari 14, 2021 Makamu wa Rais, Edward Ssekandi, alipoteza kiti chake cha Bukoto Kati, na mawaziri kadhaa wakaanguka Buganda. Walihesabiwa na wasimamizi wale wale, kwenye meza zile zile, usiku ule ule, na wakaondoka. Mtu anayesema kwamba Uganda hakuna kura inayohesabiwa hasemi kweli. Vilevile chama kilichotaka kuongoza nchi kwa vituo 34,684 vya mwaka 2021 kilihitaji mawakala wawili kila kituo, yaani watu 69,368, waliofundishwa kutotia saini fomu tupu, waliopewa chakula na taa. Chama kikishindwa kukusanya nakala zake za DR, kisiende kwenye redio kutaja asilimia ambazo hakiwezi kuzionyesha. Na chama kinachozipata kizichapishe zote, pamoja na za vituo kilikoshindwa. Tunaamini kwa dhati kwamba anayetoa tuhuma nzito ya mabavu ana wajibu wa kuja na karatasi mkononi.

Wajibu huo lakini hauwi sawa kwa pande zote. Tume inazo fomu zote kwa mujibu wa sheria, inazo fedha za umma, ina ofisi kila wilaya. Upinzani una zile ulizoweza kuzinusuru.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya, na kila ofisi ijue lake. Tume iweke mtandaoni picha ya kila DR, kituo kwa kituo, ndani ya zile saa 48, na jedwali la jumla lifuate baada ya picha. Iongeze kwenye fomu idadi ya waliothibitishwa na mashine. Na iandike kwenye mwongozo wa vituo kwamba wakala ana haki ya kuipiga picha fomu. Bunge litunge sheria inayosema kwamba matokeo ya kituo ambacho DR yake haijachapishwa hayaingii kwenye jumla mpaka ichapishwe, lipige marufuku kuzima intaneti kuanzia siku tatu kabla ya kura hadi kesi ya urais iishe, lifikishe siku za kuamua kesi hiyo 60 kama Mahakama ilivyopendekeza, na lipitishe bajeti ya LC1. Mwanasheria Mkuu alete bungeni taarifa ya mapendekezo kumi ya 2016, moja baada ya jingine: lililotekelezwa, lililokataliwa na kwa sababu gani.

Hamhitaji kusubiri uchaguzi mkuu. Jimbo moja huwa na vituo mia na kitu tu. Katika uchaguzi mdogo ujao, popote utakapotokea, wekeni karani mmoja mwenye mashine ya kuskani kwenye ofisi ya Tume ya wilaya. Bahasha zinapofika kutoka kila gombolola, kila DR iskaniwe kabla ya namba zake kuingizwa kwenye kompyuta, kisha ipandishwe mtandaoni. Sisi tutaleta nakala za mawakala tulizo nazo na kuzilinganisha na za Tume mezani, mbele ya waandishi wa habari, kituo baada ya kituo. Tunaomba jibu la maandishi litakalotaja jimbo na jina la ofisa atakayehusika.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mawakala, wasimamizi wa vituo wa zamani na wanasheria wa kesi za uchaguzi
Kampala